Vipimo vya Askari

Kila jioni cherehani iliponyamaza, Chiriku alikuwa na kazi moja: kufagia nyuzi na vipande vya vitambaa sebuleni, ambako mama yake alishona nguo za watu. Chiriku si jina la cheti. Alibandikwa jina hilo na majirani kwa ajili ya mdomo wake, maana aliongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi unapomkatiza katikati ya sentensi. Kufagia, jamani, hakukupenda hata kidogo.

Mwenzake katika chumba kile alikuwa Askari, paka dume wa rangi ya majivu mwenye sikio moja lililochanika. Askari alikuwa mfanyakazi hasa. Tangu aingie nyumba ile hakuna panya aliyethubutu kutia jino kwenye kitambaa cha mteja. Mama, ambaye zamani alilazimika kulipia nguo zilizotobolewa, alimwekea kichwa cha samaki kabla hajajipakulia mwenyewe.

Basi badala ya kufagia nyuzi zote, Chiriku aliacha ndefu mojamoja, akamburutia Askari chini ya meza. Paka huyo mwenye heshima zake aliruka, akabiringika, akazitafuna kama mtoto mdogo. Mama alishamkanya. "Uzi si mchezo, mwanangu. Na sakafu ya fundi haikosi sindano." Chiriku aliitikia "Ndiyo, mama" vizuri sana, lakini maneno yaliingilia sikio hili yakatokea lile.

Jumamosi moja asubuhi, Askari hakugusa samaki wake. Alijikunyata chini ya cherehani, udenda ukimchuruzika, kisha akatapika povu. Mama akajaribu mzaha. "Huyu ana roho ya paka, na kwake yeye si msemo." Lakini ilipofika mchana Askari hakuweza hata kuinua kichwa. Mama aliacha gauni la mteja bila mkono mmoja, akamlaza paka kwenye kikapu cha vitambaa, wakaenda kwa daktari wa wanyama.

Daktari alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alimweka Askari juu ya meza ya chuma, akampapasa tumbo. Askari akanguruma. Daktari alipojaribu kumfungua kinywa, akapata mkwaruzo wa haja mkononi.

"Meno nimeyaona, na makucha pia," Daktari alisema. "Je, kuna kitu amemeza? Mfupa, plastiki, sumu ya panya, chochote kile?"

Mama akamgeukia Chiriku. "Wewe ndiye unayeshinda naye. Kuna kitu?"

Chiriku akaukumbuka uzi mwekundu wa jana jioni. Alikuwa akimburutia Askari, Askari akaushika kwa meno, halafu yeye Chiriku akaitwa kula. Aliporudi, uzi haukuwepo. Akalikumbuka pia onyo la mama.

"Hapana," akasema.

Kama si wasiwasi, mama angeshtuka pale pale. Chiriku kujibu kwa neno moja ni jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwao.

"Basi itabidi tutafute wenyewe," Daktari alisema. "Tupime damu, tujue hali ya figo na ini. Tupime mkojo. Tatizo lisipoonekana, tumpige picha ya tumbo." Akataja gharama ya kila kipimo, polepole, bila kuficha.

Mama akakaa kwenye benchi. "Daktari, mimi mwenyewe sijawahi kupimwa vyote hivyo, na nimezaa."

Daktari akatabasamu. "Najua ni ghali, mama. Dawa za kupimia nazinunua, na mashine inataka matengenezo. Zaidi ya hayo, mgonjwa wako hasemi. Wewe ukija kwangu utasema 'naumwa hapa, nilikula kitu fulani', nami nitajua pa kuanzia. Huyu inanibidi nigonge kila mlango."

Mama akafungua mkoba, akatoa bahasha iliyokunjwa. Chiriku aliijua bahasha ile. Ilikuwa ya akiba ya kununulia mota ya cherehani. Miguu ya mama ilivimba kila jioni kwa kukanyaga pedali, na alikuwa ameanza kuweka akiba hiyo tangu mwaka uliopita.

"Anza na damu," mama alisema. "Huyu amenilindia riziki yangu. Siwezi kumwacha afe kwa ubahili."

Daktari akachukua bomba la sindano. Chiriku akamtazama Askari, akaitazama bahasha. Aliogopa kugombezwa, ndiyo, lakini sasa aliogopa zaidi kuwa Askari angekufa huku yeye akijua.

"Subiri, Daktari," akasema. "Nimesema uongo. Jana nilimchezesha na uzi mwekundu. Nadhani ameumeza."

Mama hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Uzi ulikuwa na sindano?"

"Sijui, mama," Chiriku akasema, na machozi yakamtoka.

Daktari akaweka bomba chini. Alimfunga Askari kwa taulo, kikabaki nje kichwa tu, kisha akamfungua kinywa na kumsukuma kwa kidole gumba chini ya kidevu mpaka ulimi ukanyanyuka. Hapo, kwenye shina la ulimi, uzi mwekundu ulikuwa umezunguka na kuanza kuchimba nyama. Ncha zake zote mbili zilikuwa zimeelekea kooni.

Mkono wa fundi ukiona uzi umetokeza huvuta. Mama alikwisha kuunyoosha wake.

"Usivute," Daktari akasema, akauzuia. "Ukivuta huku, kule ndani utumbo utajikunja kama marinda, kisha uzi uukate. Wewe ni fundi, unanielewa."

Mama alimwelewa mno. Akaurudisha mkono wake.

Daktari alimchoma Askari dawa ya kumtuliza, akaukata uzi kwa mkasi mdogo. Kisha akampiga picha moja ya tumbo. Hapakuwa na sindano, na utumbo ulikuwa bado haujajikunja. "Mmewahi," akasema. "Atakaa hapa nimtazame na kumwekea maji. Uzi utatoka kwa njia yake."

Ukatoka kweli. Jumatatu walipomfuata, Daktari alitaka kuwaonyesha ushahidi kwenye kibakuli, Chiriku akaziba pua. Askari alikuwa ameamka na njaa, anamfokea kila apitaye. Walilipia picha moja, dawa na malazi. Bahasha ya mama ilipungua, ila haikumalizika.

"Ahsante sana, Daktari," mama akasema. "Mungu akuzidishie."

"Mshukuru na huyu," Daktari alisema, akimgusa Chiriku begani. "Mashine yangu inaona mfupa, na damu inanieleza habari za figo. Yaliyotokea sebuleni kwenu hakuna kipimo kinachoyaona. Hayo mpaka niambiwe. Ningeanza na damu, ningepoteza siku nzima, na siku hiyo Askari hakuwa nayo."

Njiani Chiriku alikibeba kikapu kwa mikono miwili. Alisubiri kugombezwa, kisha akachoka kusubiri.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nimekukasirikia sana," mama akasema. "Na mimi nimejikasirikia, maana nikikata uzi kwa meno natema chini palepale. Kuanzia leo tutaweka kopo la nyuzi, na sote wawili tutalitumia." Akasimama, akamfuta binti yake uso kwa kiganja. "Lakini nakushukuru, mwanangu. Kukosea hukosea kila mtu. Anayelificha kosa huwaacha wenzake walilipie. Ukweli wako ulichelewa, lakini ulimkuta Askari yu hai."