Aliyeuliza Nani Kafunga Maji

Nilikuwa na hasira. Nianze na hilo, maana bila hasira ile yasingetokea yaliyotokea.

Sisi akina Garrod tumelima Suffolk, mashariki mwa Uingereza, tangu enzi za babu wa babu zetu. Nyumba yetu imezungukwa na handaki la maji pande zote nne. Nyuma yake, bondeni, yalikuwapo mabwawa matatu ambayo mabwana wa kale waliyachimba wafugie samaki, yameunganishwa kwa mifereji hadi handakini. Watu wa makumbusho walikuja wakayapima. Wakatusihi tusiyaguse, yana miaka mia sita. Mama aliongeza ukali wake: "Maji yale yana njia yake. Atakayeifunga si mwanangu."

Mama alipolazwa, nilikaa naye mjini wiki tatu. Alipofariki nikarudi na nguo zake kwenye mfuko. Nikakuta bonde limesawazishwa kama meza, limejaa alama za tingatinga. Mdogo wangu Hedley alikuwa ameyafukia yote. Eti apande shayiri.

"Hukungoja hata azikwe?" nilimuuliza.

"Dada, yale madimbwi ya vyura tu. Usinililie hapa."

"Ulimwahidi!"

"Nilimwahidi ili anyamaze."

Akacheka. Akajimiminia chai.

Tukamzika mama Jumanne. Alhamisi jioni, jua likizama, mtamba wetu mmoja, ng'ombe ambaye hajazaa bado, hakurudi zizini. Hedley alikuwa jikoni, amenyoosha miguu, hana habari. Nikavaa buti, nikatoka mwenyewe, njia nzima nikimtukana kimoyomoyo.

Bondeni ukungu ulishaanza kutanda. Udongo ulikuwa mkavu, umeshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Lakini kila nilipokanyaga...

Chwa. Chwa. Chwa.

Kama mtu anayetembea majini.

Kisha harufu ikanijia. Tope la chini kabisa, na samaki waliooza. Nikamwona mtamba. Alikuwa amesimama anatetemeka miguu yote minne, macho ameyakaza mahali pamoja. Na mimi nikatazama hapo.

Palikuwa na mwanamume.

Alisimama pale lilipokuwa bwawa la kati, amezama ardhini hadi kiunoni, kama vile udongo ule ni maji. Amevaa gunia. Mkononi ana koleo la mbao. Nywele zake zilikuwa zinachuruzika. Sikuweza kusema ni kijana au mzee, ila uso wake niliujua. Si sura yake. Ghadhabu yake. Niliiona asubuhi ile ile kwenye kioo changu.

"Nani kafunga?" akanong'ona.

Nikarudi nyuma hatua moja. Chwa.

"Nani kafunga maji?"

Ningeweza kukimbia. Ningeweza kusali. Badala yake nikamkumbuka mama kitandani, midomo imemkauka, akiniuliza kila siku kama mabwawa yamejaa. Nami nilikuwa nikimjibu ndiyo, yamejaa.

"Hedley," nikasema. "Hedley Garrod. Yuko jikoni."

Nililitamka jina taratibu, nikihakikisha amelisikia. Lilikuwa tamu mdomoni.

Akainamisha kichwa, kama anayeshukuru. Akazama. Udongo ukamfunika, pasibaki hata ufa.

Mtamba akatimua mbio. Mimi nikabaki pale pale, maana chini ya nyayo zangu kulikuwa na mvumo. Maji. Yanakwenda kasi kufuata mstari wa mfereji wa zamani, kuelekea nyumbani. Nikasimama nikayasikiliza yakienda. Nisidanganye... niliyasikiliza kwa furaha.

Ndipo Hedley akapiga ukelele.

"Thirza! Thirzaaa!"

Hakuwa ameniita hivyo tangu akiwa na miaka mitano, siku alipotumbukia handakini nikamvuta kwa kola ya shati. Nikalikimbilia sepeto lililoachwa na vibarua, nikaanza kuchimba pale ulipokuwa mlango wa maji wa bwawa la kati, maana alichotaka yule ni maji yafunguliwe njia. Nilichimba nikilia na kumlaani, yeye na mimi mwenyewe. Viganja vikachubuka. Sepeto likagonga ubao. Nikaushika kwa mikono miwili, nikavuta... nikavuta...

Ukang'oka.

Maji meusi yakafoka hadi mapajani mwangu. Kule nyumbani kukawa kimya.

Nilipofika jikoni, sakafu ilikuwa kavu. Kuta kavu. Chai yake mezani bado inafuka moshi. Hedley alikuwa chini, amelowa toka utosini, anatapika maji ya kijani. Mbele yake samaki mdogo, urefu wa kidole, alikuwa anarukaruka akitafuta pumzi.

Daktari alisema ni kifafa, na kwamba aliangukia ndoo ya maji. Jikoni hapakuwa na ndoo.

Watu wa makumbusho walirudi, wakafukua bonde kwa wiki nne. Kando ya ubao ule wakakuta mifupa ya mtu, imesimama wima, na kipande cha koleo la mbao. Kiongozi wao, bwana mmoja mpole, aliniambia huenda kingo ziliporomoka akirekebisha mfereji. "Au kuna aliyemfungulia maji makusudi," akasema. "Hilo hatutalijua." Mchungaji akamzika kanisani kwa heshima zote, ila jina hakuwa nalo la kusoma.

Hedley aliniuliza mara moja tu.

"Dada... aliniita kwa jina. Alilijuaje?"

"Sijui," nikamjibu.

Hilo nalo niliongopa, na akalala akiwa ameniamini.

Mabwawa yamejaa tena, na yule mtu ana kaburi lake. Ningependa kusema hasira imeniisha. Lakini juzi Hedley, sasa amenenepa na kupona kabisa, alisema mezani kwamba kitanda cha mama na vitu vyake vyote ameshavichoma moto, vilikuwa vinamjazia chumba. Hakuniuliza. Alisema huku anatafuna.

Nikainuka, nikatoka bila koti, nikashuka hadi ukingo wa bwawa la kati. Jua lilikuwa linazama. Maji yalikuwa yametulia, hakuna hata kiwimbi. Nikasimama muda mrefu.

Hakuna aliyeniuliza kitu.

Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.