Utafiti wa Kumkomoa Bi Mtindi

Majirani zangu, nisikilizeni vizuri, maana haya nayasimulia nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi viatu. Kiti changu kipo kibarazani. Kushoto ni mlango wa mama mmoja fundi cherehani, kulia lilikuwapo duka la maziwa la mama mmoja mjane tuliyemzoea kwa jina la Bi Mtindi. Kwa miaka mingi asubuhi zetu zilikuwa shwari. Cherehani inalia upande huu, foleni ya watu na majagi yao upande ule, nami katikati na misumari mdomoni, salamu zikipita juu ya kichwa changu. Fundi cherehani alikuwa na binti mmoja, tukimwita Msomi tangu akiwa darasa la pili, kwa vile alikuwa hawezi kuona karatasi yenye maandishi akaiacha.

Utulivu huo aliuvunja Bi Mtindi. Nasema wazi ili asije mtu akadhani namtetea. Alileta kitambaa ashonewe gauni la kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake. Fundi akakipima mbele yangu, akamwambia, "Dada, hiki hakitoshi mikono mirefu." Bi Mtindi akajibu, "Wewe shona, ufundi ni wako." Gauni likatoka na mikono mifupi. Ingetosha kugombana pale pale mlangoni, wakanuniana wiki mbili, yakaisha. Lakini yeye alipiga simu redioni, kwenye kipindi cha asubuhi ambacho wasikilizaji hutoa malalamiko yao. Akautaja mtaa, akataja na rangi ya mlango, akasema fundi huyo anakata vitambaa vya wateja ili amvike binti yake. Mtangazaji akacheka sana, akatia chumvi yake, akampachika fundi jina la Mkasi Mrefu.

Jina likashika. Ndani ya mwezi mmoja watu walikuja kuchukua vitambaa vyao hata kabla havijashonwa. Msomi akakaa nyumbani mwaka mzima bila kwenda shule kwa kukosa ada, akimtazama mama yake anafuta vumbi kwenye cherehani isiyo na kazi. Bi Mtindi hakuomba radhi. Aliendelea kuuza maziwa na kutusalimia. Mtenda husahau, mtendwa hasahau, na yule mtoto hakusahau.

Miaka ikapita. Fundi akajikongoja, wateja wachache wakarudi, Msomi akaingia chuo kusomea mambo ya habari. Mwaka wa tatu akatakiwa kufanya utafiti wake, na akachagua mada hii: jinsi redio inavyobadili mawazo ya wasikilizaji. Alikuwa akija kibarazani kwangu na daftari lake kunieleza.

"Mjomba," akaniambia siku moja, "nikikuuliza kama redio inakushawishi, utanijibu nini?"

"Nitasema hainishawishi. Mimi nina akili zangu."

"Umeona? Kila mtu husema hivyo. Kwa hiyo mimi siwaulizi. Nawapima."

Akanichorea. Watu sitini wa mtaani, watagawanywa kwa kura, thelathini huku na thelathini kule. Wote watajaza fomu moja kuhusu maduka wanayonunua. Kisha kundi la kwanza litasikiliza kipindi kuhusu usafi wa maziwa. La pili litasikiliza kipindi hicho hicho, ila ndani yake kuna mtu anayepiga simu kulalamikia duka fulani. Wakimaliza, wote wanajaza tena ile fomu. Tofauti itakayoonekana kati ya makundi hayo, hiyo ni kazi ya redio. Nilimwelewa vizuri, na kusema kweli nilijivunia. Nikasema huyu mtoto wetu kweli ana kichwa.

Msimamizi wake chuoni, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi, aliupitisha mpango huo kwa masharti mawili. Duka litakalotajwa liwe la kutunga, lisifanane na la mtu yeyote. Na lile la pili likaandikwa kama hatua ya sita: mshiriki asitoke mlangoni kabla hajaambiwa kwamba malalamiko aliyoyasikia ni ya uongo. Msomi akatia sahihi.

Halafu akaenda akamtafuta mwanafunzi mwenzake mwenye sauti nzito kama ya mtangazaji, wakarekodi kipindi upya, tofauti na kile kilichopitishwa. Katika rekodi hiyo mpya mpiga simu aliutaja mtaa wetu. Alilitaja duka lenye mlango wa kijani lililo karibu na fundi viatu. Akasema mwenye duka anachanganya maziwa na dawa ya kuhifadhia maiti ili yasiharibike.

Mimi niliisikia, na ingawa mpango nilikuwa nimeuelewa, nilidhani wametuchezea kipindi cha kweli kilichokwisha kurushwa. Nilikuwa mshiriki namba arobaini na moja, kundi la pili, Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa mikutano wa mtaa. Siku hiyo nilikuwa na mafua, nikakohoa kipindi kizima. Tulipojaza fomu mara ya pili nilifika kwenye swali la kama nitaendelea kununua maziwa pale, nikaweka alama kwenye hapana bila kusita. Msomi akatupa soda, akatushukuru, akatufungulia mlango. Hakutuambia neno jingine.

Mnajua mambo yalivyokwenda baada ya hapo, maana mlikuwapo. "Redioni wamesema." Hakuna aliyeuliza redio gani wala siku gani. Mimi mwenyewe niliwaambia wateja wanane, kiatu mkononi, na kila mmoja nilimwambia nimesikia kwa masikio yangu. Wiki ya pili foleni ya majagi ilikwisha. Wakaja watu wa afya, wakachukua maziwa kwenda kuyapima, wakarudi na karatasi kwamba ni salama kabisa. Bi Mtindi akaibandika mlangoni. Watu wakaisoma, wakasema amewahonga.

Na fundi cherehani? Hakujua lolote kuhusu mipango ya bintiye, lakini alifurahi, na hakuficha. "Malipo ni hapa hapa duniani," akaniambia, akaanza kuimba kwenye cherehani yake. Sikumlaumu. Hata mimi nilisema moyoni, na aonje.

Siku moja mteja akanipa simu yake nisikilize ile habari ya maziwa, ilikuwa inazunguka kwenye makundi ya simu mji mzima. Nikasikiliza. Sauti nzito, mpiga simu, dawa ya maiti. Kisha nikasikia kikohozi. Kikasikika tena, na tena. Kilikuwa kikohozi changu. Kumbe mtu mmoja alikuwa amerekodi mle ukumbini kwa simu yake, na hiyo ndiyo "redio" ambayo mji mzima ulikuwa unaiapia.

Msomi alipopita jioni nikamwita.

"Binti, kile kipindi kilirushwa lini?"

"Hakikurushwa, mjomba. Tulikitengeneza."

"Na yale ya dawa?"

"Nimeyatunga."

"Mbona hukutuambia?"

Akanitazama bila kupepesa macho. "Mama yangu nani alimwambia pole? Na aonje utamu wa kutangazwa. Mwaka mmoja niliokaa nyumbani nitaudai kwake wote."

Majirani, ningeweza kusema siku ile ile. Sikusema. Nilikaa na siri hiyo wiki tatu. Nilijiambia hayanihusu, lakini ukweli ni kwamba niliona aibu ya kuwafuata wale wateja wanane. Mpaka asubuhi moja nikamwona Bi Mtindi amebeba ndoo kubwa ya maziwa ya jana, anayamwaga kwenye mfereji wa maji machafu, taratibu, huku anaongea peke yake. Ndipo nikanyanyuka nikamweleza yote.

Hakulia. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Anauwasilisha lini huo utafiti wake?"

Siku yenyewe ilikuwa ya wazi, wazazi na majirani tulialikwa. Fundi cherehani alikaa mstari wa mbele, gauni jipya, kichwa juu. Msomi akazungumza vizuri mno. Akaonyesha michoro yake: katika kundi la pili, watu ishirini na saba kati ya thelathini walisema wananunua maziwa ya dukani kabla ya kusikiliza, na baada ya kusikiliza walibaki wanne. Walimu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha wakauliza kama kuna mwenye swali.

Bi Mtindi akasimama nyuma kabisa.

"Mwanangu," akasema, "umesema yako makundi mawili. Moja halikusikia uongo, jingine liliusikia. Mimi niliyezuliwa huo uongo, umeniweka kundi la ngapi?"

Watu wakageuka kumtazama. Msimamizi akaomba rekodi ichezwe. Ikachezwa, na mlango wa kijani ukatajwa mbele ya watu wote. Msimamizi akafunua karatasi zake.

"Na hatua ya sita?"

"Sikuifanya," akajibu Msomi.

"Ulisahau?"

"Sikusahau." Akamnyooshea kidole Bi Mtindi. "Yeye alimtangaza mama yangu mji mzima. Na yeye alisema uongo. Wasikilizaji wake nani aliwarudia kuwaambia?"

"Ni kweli," akasema Bi Mtindi. "Nilisema uongo. Kitambaa changu kilikuwa pungufu na nilijua."

Miaka yote ile tulikuwa hatujalisikia hilo neno. Fundi cherehani aliinama akafunika uso. Sikujua analia kwa ajili ya lipi, la kusafishwa jina au la kumwona mwanawe pale mbele.

Walimu wakaanza kunong'ona habari ya kumfukuza chuo. Bi Mtindi akawakatiza. "Msimfukuze. Akifukuzwa atakwenda zake, mimi nitabaki na watu wake thelathini. Awarudie mmoja mmoja, mimi nikiwa ubavuni kwake, awaambie alichofanya. Kisha awape tena ile fomu yake, na jibu atakalopata aliandike humo humo kwenye utafiti. Msidhani nimemsamehe. Nataka alione kwa macho yake."

Wakakubaliana hivyo, na cheti chake kikazuiwa mpaka amalize. Siku tisa walizunguka, yule binti na yule mama, mlango kwa mlango, hawasemeshani njiani. Kila nyumba Msomi alirudia maneno yale yale: "Habari niliyowasikilizisha niliitunga. Maziwa yake hayana kitu." Watu wakasikitika sana. Wakampa Bi Mtindi pole, wakamvutia kiti. Kisha wakachukua kalamu, wakaweka alama kwenye hapana. Mmoja alimwambia mbele ya uso wake, "Nimekuelewa, mama. Lakini lisemwalo lipo." Kati ya wale ishirini na watatu waliokuwa wamehama, watano tu ndio waliosema watarudi.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Bi Mtindi alinipitia na jagi mkononi, akanimiminia bilauri ijae.

"Fundi, wewe ulijua kabla ya wote," akasema. "Kunywa."

Nikainyanyua. Maziwa meupe, mazuri, bado yana uvuguvugu. Nilijua ni safi kama ninavyojua jina langu. Nikaifikisha mdomoni, na koo likakataa. Nikajaribu tena. Msomi alikuwa ananitazama, ameishika ile fomu kwa mikono miwili.

"Mjomba," akasema kwa sauti ndogo, "hata wewe?"

Nikaiweka bilauri chini. Nikachukua kalamu, nikaweka alama kwenye hapana. Wiki iliyofuata Bi Mtindi alifunga duka na kuhama, na utafiti wa binti yetu sasa uko kwenye rafu ya maktaba ya chuo, na jina lake juu.

FUNZO

Ewe mwanafunzi, elimu ya kupima mioyo ya watu si panga la kulipizia kisasi. Ukiona hatua imewekwa ya kumwambia mtu ukweli kabla hajatoka mlangoni, usiiruke, kwa kuwa ukimwachia akatoka na uongo hutampata tena.

Na wewe unayepiga simu redioni kwa hasira ya gauni, jua kwamba uliyemtangaza ana watoto, na watoto wanakua.

Lakini funzo kubwa ni letu sisi wengine, tusiopiga simu wala kufanya utafiti. Uongo wa Msomi ulisikika ukumbini na watu thelathini. Waliousambaza mji mzima ni sisi. Ukisikia "redioni wamesema," uliza redio gani, lini, na nani. Uliza kabla hujameza, maana mimi nilimeza kwanza nikauliza baadaye, na mpaka leo ninavyowaambia haya sijaweza kuutapika.