Namba ya Majani

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe ishirini na nane Septemba, saa nne na robo asubuhi, juu ya Kilima cha Bruckner. Tulishuka garini na kamera, chupa ya kahawa na mikate ya soseji, tukatazama huku na huku. Miti yote ilikuwa ya kijani. Si kijani kinachoelekea kugeuka, bali kijani cha mwezi wa saba.

"Babu, labda tumekosea kilima?" akauliza mjukuu wangu Signe.

"Kilima ni hiki hiki. Waliokosea ni wakubwa, kama kawaida yao."

Kwetu Wisconsin, Marekani, kila mwaka majani ya miti hugeuka mekundu na ya manjano kabla ya kupukutika, na kila mwenye gari huchagua mahali pa kwenda kuyatazama kwa siku moja, kabla baridi haijatufungia ndani. Sharti letu ni moja: pasizidi mwendo wa saa tatu. Binti yangu Marit, mama yake Signe, hufua mashuka ya hospitali siku sita kwa wiki, na Jumamosi tu ndiyo yake.

Zamani aliyekuwa akichagua ni mke wangu Verna. Miaka miwili iliyopita aliugua ghafla mwezi wa Februari. Gari la wagonjwa likakwama kwenye theluji, kwa kuwa wakubwa walikuwa wamepunguza magari ya kusafisha barabara. Sitaki kuliendeleza hilo.

Verna alikuwa pia mtazamaji wa majani wa wilaya yetu. Kila Alhamisi ya msimu alipanda mnara wa zamani wa walinzi wa moto wa msitu, ulioko kilimani kwetu, akatazama pande nne, akakadiria ni miti mingapi katika mia imegeuka rangi, kisha akapiga simu makao makuu ya utalii. Huko namba hutiwa kwenye ramani, na watu wa mijini huitazama wanapochagua pa kwenda. Kwa miaka kumi na tisa alilipwa kofia moja. Alipofariki, Signe, msichana wa miaka kumi na miwili na maswali elfu, akaiomba kazi ile. Ofisi ikakubali, mradi jina liandikwe langu.

Ijumaa jioni, tukila samaki wa kukaanga kama ilivyo ada, Marit aliifungua ramani kwenye simu yake.

"Twendeni ziwani. Kuna duka la jibini," akasema.

"Jibini liko kwenye friji," nikamjibu. "Niacheni nibaki nalo."

"Mama, tazama huku kaskazini! Asilimia themanini!" Signe akaruka kitini. "Babu, kwa nini kaskazini hugeuka kwanza? Ni baridi, au ni usiku kurefuka? Na mti unajuaje?"

"Uulize mti."

"Nitauuliza kesho, kisha nitakufundisha."

Basi themanini ya Kilima cha Bruckner ikashinda, nami nikaingia garini. Na sasa tulikuwa tumesimama mbele ya miti isiyojibu chochote.

"Huyu aliyeandika themanini alikuwa amelala," nikasema. "Kofia anavaa, kazi hafanyi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwetu leo imekuwa ya saa tatu!"

Kando yetu kulikuwa na gari jingine. Mzee mmoja alikuwa amemshika mkono mkewe, mwanamke mwenye miwani minene, akimwelekeza uso msituni.

"Unaona chochote, Halina?"

"Naona kijani, Casimir. Hata kwa macho yangu haya, kijani ni kijani." Yule mama akacheka.

Mzee Casimir akatueleza kwamba wametoka Chicago. Daktari amesema ikifika Krismasi mkewe atabaki kutofautisha mwanga na giza tu. Alichotaka ni kuona msitu mwekundu mara moja tena.

"Si kitu," mzee akasema. "Kesho tunarudi nyumbani kupitia wilaya ya Pine Hollow. Ramani inasema hamsini. Nusu ya msitu inatutosha, au siyo, Halina?"

Pine Hollow ndiyo wilaya yetu. Nikavimba kifua, nikamgeukia Signe ili nimtambulishe. Mtoto alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hamsini hiyo si ya kweli," akasema.

"Unasemaje, binti?"

"Niliitoa mimi. Alhamisi ilinyesha mvua, sikupanda mnara. Niliutazama mti mmoja tu wa uani kwetu, nikatunga."

"Signe!" Marit akashika kichwa. "Na njia nzima ulikuwa unatuuliza watu wakija Pine Hollow kesho watafurahi vipi!"

Machozi yakamtoka. Nilidhani wale wazee watafoka, na haki walikuwa nayo. Lakini Mama Halina alisogea karibu, kana kwamba ameonjeshwa kitu asichokijua.

"Kwa hiyo ni ngapi hasa?"

"Sijui, mama."

"Nenda ukaone, halafu uniambie. Mimi bado nataka kujua."

Mzee Casimir akatupa namba yake ya simu. Tukageuza gari. Soseji tulizila njiani.

Saa tisa alasiri tulikuwa chini ya mnara. Goti langu halipandi ngazi tena, kwa hiyo Marit alipanda na binti yake, nami nikabaki chini kusikiliza.

"Kaskazini kumi!" Signe akapaza sauti. "Magharibi kumi! Kusini tano!"

"Rudia kutazama!" nikamwambia.

"Nimerudia mara tatu! Mashariki... ngoja. Mama, kile chekundu kule kwenye kinamasi ni nini? Babu, kwa nini kule tu?"

Sikujua, na safari hii sikumtania. Tulikwenda kuona. Baada ya daraja la chuma udongo ulianza kufyonza viatu, na miti ilisimama majini, myekundu tangu juu hadi chini. Signe alichutama, akatia mkono kwenye maji, akaugusa mzizi.

"Labda inachoka mapema kwa sababu miguu yake imelowa," akasema. "Labda. Nitamuuliza mwalimu."

Hapo hapo akapiga simu. "Mzee Casimir, wilaya yetu ni kumi tu. Msipande kilimani kwenye mnara, mtasikitika tena. Lakini barabara ya kinamasi, mkishavuka daraja la chuma, ni nyekundu tupu. Niko chini yake sasa hivi."

Jumapili walikuja. Signe alimchumia Mama Halina jani, naye akalisogeza hadi likagusa miwani.

"Hili hapa," akasema taratibu. Kisha akainua uso kuitazama miti, wala hakutaka kuondoka mpaka mumewe alipomwita mara ya pili.

Jumatatu Signe alipiga simu makao makuu kusahihisha hamsini yake. Aliuliza pia nani aliyeandika themanini. Walimwambia hawajui, watatazama.

Jioni ile Marit alimkalisha mezani. "Kusema sijui hakujampoteza mtu njia, mwanangu. Anayewapoteza watu ni yule anayejibu bila kwenda kuona. Namba yako ndogo, lakini kuna mtu anawasha gari kwa sababu yake."

"Nimeelewa, Mama."

"Waambiwe pia wale wakubwa!" nikaingilia. "Huyo wa themanini ana msimamizi. Msimamizi alikuwa wapi?"

Signe akanitazama, si kwa hasira, bali kama alivyoutazama ule mzizi.

"Babu, jina lililoko ofisini ni lako. Alhamisi, tangu niliporudi kutoka shule, tulicheza karata sisi wawili mpaka nilipoinuka kupiga simu, nawe ulikuwa umekaa pale pale. Mbona hukuniuliza namba nimeitoa wapi?"