Nilimzika Baba Korongoni, Ndugu Wakanitoa Shambani

Nina umri wa miaka arobaini na saba, mjane, mama wa watoto wawili, na makazi yangu ni huku Iguguno, mkoani Singida. Ndugu wasomaji, mkipita leo mtanikuta kwenye nyumba ya vyumba viwili kando ya korongo, mahali ambapo hata mbuzi hapapendi. Mnaweza kudhani nimepachagua mwenyewe. Sikupachagua! Nililetwa hapa na mtu niliyekunywa naye uji kikombe kimoja tangu utotoni.

Mtu huyo anaitwa Tabitha, binti wa baba yangu mdogo wa ukoo. Tulizaliwa msimu mmoja, tukalala kitanda kimoja, tukabatizwa siku moja. Nilipofiwa na mume wangu na kurudi nyumbani na watoto wangu, Neema na Elia, ni Tabitha aliyekuja kunipokea na kunifulia nguo za watoto. Kama kuna mtu angeniambia kwamba siku moja Tabitha angeniuza, ningemrushia jembe.

Nilirudi kwenye shamba la baba. Lilikuwa shamba zuri, liko juu karibu na barabara ya lami, alizeti upande huu na mahindi upande ule. Nilikuwa nikilima na mama, kwa sababu baba alikuwa mgonjwa wa kifua na hakuwa tena na nguvu. Kaka yangu wa pekee alifariki akiwa mdogo. Kwa hiyo kwa baba na mama nilibaki mimi tu.

Kabla sijaendelea, lazima mjue jambo moja la kwetu. Mambo ya hati yamekuja juzi. Zamani, na hata sasa kwa watu wengi, ukitaka kujua shamba ni la nani unauliza wamelala akina nani pale. Makaburi ndiyo yanayojibu. Ukoo wetu una makaburi yake kule juu, na mtu akishazikwa pale, watoto wake hawaulizwi kitu na yeyote.

Sasa basi... alasiri moja baba alimtuma mama dukani, akanifanyia ishara nisogee. Nilidhani anataka maji. Kumbe alitaka kuutua mzigo alioubeba maisha yake yote.

Aliniambia kwamba babu yake hakuzaliwa huku. Aliletwa akiwa mtoto mdogo, yeye na mama yake, katika msafara wa watumwa uliotoka upande wa magharibi, ambako kijiji chao kilichomwa vitani. Walipofika kwenye korongo hili miguu ya mtoto ilikuwa imejaa vidonda, hawezi tena kutembea. Wenye msafara wakamtupa. Mama yake akasukumwa mbele kwa fimbo huku akimwita mwanawe, na mtoto akabaki hapo akiisikiliza sauti yake mpaka ikapotea.

Jamani! Nani anaweza kusikia hayo akabaki na macho makavu?

Wenyeji walimwokota. Bibi mmoja wa ukoo wetu, ambaye akina Tabitha ni uzao wake wa damu, alimwosha vidonda, na alipopona wazee wakachinja kondoo, wakamnyoa nywele, wakampaka mafuta na kumtangaza kuwa mtoto wa nyumba ile. Kisha wakaapa kwamba hakuna atakayetamka tena kuwa alitoka kwingine. Hawakutaka neno mtumwa limfuate yeye wala kizazi chake. Walifanya kwa mapenzi mema, siwalaumu. Hata hivyo kiapo kile ndicho kilichokuja kutuchinja.

Mtoto yule alikua, akaoa, akafyeka pori kwa mikono yake na kupata shamba hili la juu. Alipozeeka aliomba azikwe korongoni, pale alipoisikia sauti ya mama yake kwa mara ya mwisho. Wakamzika huko peke yake. Mwanawe, yaani babu yangu, alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, akafia huko na kuzikwa huko. Baba alipokuwa mtoto aliwahi kuuliza habari za makovu ya miguu ya babu yake, akazabwa kofi. Hakuuliza tena, mpaka babu mwenyewe alipomsimulia yote akikaribia kufa.

"Babu amelala peke yake siku zote hizi," baba aliniambia. "Nikifa, mnipeleke nikalale naye."

Baada ya kusema hayo alilala usingizi mzito, usingizi ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Nilijiuliza mimi ni nani. Niliwaza yule mama aliyesukumwa kwa fimbo. Je, alifika wapi? Alikufa akimwita nani? Nilikaa na maneno hayo kifuani mpaka nikaona nitapasuka...

Nikamwambia Tabitha.

Tulikuwa tunapepeta alizeti uani kwao. Nilimweleza yote, kuanzia msafara mpaka ombi la baba. Tabitha aliweka ungo chini, akanikumbatia, tukalia wote wawili kama watoto. Alisema mimi ni damu yake na hakuna kilichobadilika. Alisema baba ameteseka vya kutosha, nimtimizie haja yake, na kama wazee wataleta ubishi nimwachie yeye pamoja na kaka yake Yona. Nilirudi nyumbani mwepesi. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa ndugu wa namna ile. Pumbavu mimi!

Baba alifariki mwanzoni mwa mavuno. Wazee waliposikia kwamba nataka azikwe korongoni, wakaguna. Shangazi Rebeka, dada wa baba yake Tabitha, ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote katika ukoo. Alinivuta pembeni nyuma ya jiko. Nilimwamkia, akaikatiza salamu yangu.

"Penina mwanangu, mzike baba yako juu, pamoja na wenzake," aliniambia.

Nilimuuliza kwa nini. Alitikisa kichwa tu, akarudia maneno yaleyale kwa Kinyiramba, lugha yetu. Mimi, kwa hasira zangu za haraka, nikadhani anaona aibu baba yangu kulala na mtumwa. Nikamwacha amesimama pale.

Tabitha akaingia kazini. Alizunguka kwa mzee huyu na yule, akiwaambia kwa sauti laini kwamba ombi la marehemu haliwezi kupuuzwa. Yona naye akaongoza vijana kwenda kuchimba kaburi. Watu wote wakasema, hakika Penina ana ndugu! Tulimshusha baba pembeni mwa babu yake, na moyo wangu ukatulia. Niliona kama nimewaunganisha watu waliotenganishwa kwa ukatili.

Siku ya kumaliza matanga, baada ya chakula, Yona aliomba ukoo ubaki. Nilidhani ni habari za kugawa nguo za marehemu. Yona akasimama, akakohoa, akaanza kusimulia hadithi ya mtoto aliyetupwa na msafara... neno kwa neno kama nilivyoisema mimi juu ya ungo wa alizeti! Alisema babu wa baba alikuwa mtu wa kuokotwa, akahifadhiwa kwa huruma na kupewa mahali pa kulima. Kuhusu kondoo aliyechinjwa na mafuta aliyopakwa, hakusema hata kidogo.

"Makaburi yenu mmeyachagua wenyewe," alimalizia. "Sisi yetu yako juu. Na shamba linafuata makaburi."

Mnaelewa, wasomaji? Kama ningemzika baba juu, shauri lingekwisha palepale. Angekuwa wa kwanza wa uzao wetu kulala na ukoo, na hakuna ambaye angethubutu kutugusa. Hicho ndicho shangazi alichokuwa anajaribu kuniambia nyuma ya jiko. Na Tabitha alikuwa analijua hilo vizuri, ndiyo maana alihangaika kuwabembeleza wazee!

Nilimtazama. Alikuwa anakunja upindo wa khanga yake, anakunjua, anakunja tena.

"Tabitha, ni wewe?" nilimuuliza.

"Nimesema ukweli ulioniambia mwenyewe," alijibu bila kuinua uso.

Mama alianguka pale mkekani. Mwanamke aliyeishi na mume wake mpaka uzeeni, leo anaambiwa mbele ya watu kwamba aliolewa na asiye na kwao! Tangu siku ile shinikizo la damu halikumwacha tena.

Nilikwenda kwenye baraza la kata. Sikuwa na karatasi, wala wao hawakuwa nayo. Kilichotakiwa ni shahidi wa kueleza kama yule mtoto alifanywa mwana wa ukoo au alihifadhiwa tu. Shahidi wa aina hiyo alikuwa mmoja, Shangazi Rebeka, aliyesimuliwa yote na bibi yake. Nilipomwona anaingia akijikongoja na fimbo, nilijua nimepona.

Walimuuliza. Aliishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Kaburi liko korongoni, hilo nalijua," alisema. "Mengine sina la kusema."

Tulipotoka nje alinishika mkono akilia. Alisema aliapishwa akiwa binti mdogo, na hawezi kusema kwamba mtoto yule alipokewa bila kusema kwamba alitoka kwingine. Aliogopa kiapo kuliko alivyotuhurumia sisi. Niliutoa mkono wangu taratibu. Wale waliotaka kutulinda walifunga na mlango ambao sisi tungetokea!

Tulishindwa. Tukapewa kipande hiki cha mawe kuzunguka makaburi mawili, eti ndipo kwetu. Tulihamisha vyungu, vitanda na kuku, watu wakitutazama. Wengine walinipa pole, wengine walicheka. Elia alikuwa sekondari. Wenzake wakaanza kumwita jina ambalo sitaliandika hapa, akaacha shule na kwenda Mitundu kuuza mitumba. Nilimsihi arudi, akasema hatarudi mahali asikokuwa na kwao. Maneno hayo yaliniuma kuliko shamba lenyewe.

Mama hakumaliza mwaka. Sasa makaburi ni matatu.

Na shamba je? Pale ilipokuwa nyumba yetu sasa pana mashine ya kukamua alizeti, ya Tabitha. Yona alimkatia sehemu ya barabarani kama zawadi ya ulimi wake. Nikienda sokoni ninapita pale, ninasikia ile mashine inavyonguruma. Kanisani Tabitha hunipa mkono wa amani kama kawaida, na mimi ninaupokea. Msije mkadhani nimemsamehe. Ninajaribu, siku nyingine ninaweza mpaka jioni, asubuhi ninaamka na hasira mpya kabisa.

Niliteseka kwa muda mrefu nikidhani kosa langu lilikuwa kusema. Kila mtu aliniambia hivyo: ungefunga mdomo, Penina, ungekuwa shambani kwako. Nikaanza kuamini. Nikaacha kutaja habari za babu hata kwa watoto.

Mwaka jana Neema akapata mchumba, kijana mwalimu, kwao Kinampanda. Wazee wa kijana wakatuma habari kwamba wanakuja. Majirani walionisaidia kupika walinisihi nisizungumze lolote kuhusu mambo ya ukoo. Walisema, posa hii ikivunjika, Neema hataposwa tena. Neema mwenyewe alinitazama tu, macho yamejaa hofu. Nilijua nikinyamaza, siku moja atatokea Tabitha mwingine, atakwenda kumnong'oneza mkwe wake, na mwanangu atafukuzwa kama nilivyofukuzwa mimi.

Wageni walipomaliza kula, mshenga alipoanza maneno yake, niliomba ruhusa ya kusema. Niliwaambia mbele ya wote kwamba babu yetu aliletwa kama mtumwa, akatupwa kwenye korongo hili, akapona, akafanywa mtoto wa watu, akalima. Niliwaambia kwamba kwa ajili hiyo tumenyang'anywa shamba. Nikasema kama damu hiyo haiwafai, waondoke kwa amani, sitawashika.

Neema alijifunika uso. Nilisikia mtu anaweka kikombe chini, nikajua basi, nimemharibia mwanangu...

Babu wa kijana alikuwa mzee sana, kofia yake ya kufuma imekaa magotini. Aliigeuza mara kadhaa kabla ya kufungua mdomo.

"Mama, hata kwetu yupo," alisema. "Bibi yangu mzaa baba. Hatujawahi kumtaja mbele ya mtu."

Wanawe waligeuka kumtazama. Walikuwa watu wazima wenye mvi, na ndiyo kwanza wanasikia! Mzee akaanza kulia waziwazi, bila kujifuta. Kisha akauliza kama anaweza kuonyeshwa kaburi la babu yetu. Tulimshika huku na huku, tukashuka naye polepole mpaka pale. Alisimama akasema jina la bibi yake kwa sauti. Wanawe wakalirudia.

Neema ameolewa. Elia alikuja harusini, akakaa wiki nzima, na kabla ya kuondoka alipalilia makaburi yote matatu bila kuambiwa. Shamba sijarudishiwa, na sidhani kama nitarudishiwa.

Ndugu zangu wasomaji, nawasihi, msipite njia niliyopita mimi. Jambo zito la ukoo usimpe mtu mmoja alifiche kwenye khanga yake, hata kama mmenyonya ziwa moja. Liseme mchana, mbele ya wote, wanaokupenda na wasiokupenda, ili asiwepo wa kuja kukuuzia habari yako mwenyewe. Na nyinyi wenye wazazi, mkisoma haya leo, nendeni mkawaulize wametoka wapi, wakiwa bado wana uwezo wa kujibu.