Vizuizi vya Ghorofa ya Tatu

Wizi uligunduliwa asubuhi, kabla nyundo ya kwanza haijagonga. Kwenye jengo lililokuwa likibomolewa, ghorofa ya tatu, vizuizi vya ukingoni, vya chuma cha manjano, vilikuwa vimeng'olewa upande mzima. Uzio wa muda kule chini haukuguswa.

Msimamizi wa kazi alifura kwa hasira. Kwa mambo ya usalama mzee huyo hakuwa na mzaha. Ukipita karibu na ukingo unapiga mluzi tu, atakukemea. Aliwarudisha wafanyakazi nyumbani, akaita polisi, na mbele ya Inspekta akaapa kwamba mwizi akipatikana atafukuzwa kazi na kufikishwa mahakamani.

Inspekta, mama mmoja mcheshi asiyepatana na ngazi, alipanda akihema. Alipofika juu akacheka. Palipokuwa na vizuizi, mwizi alikuwa amefunga kamba nene, moja usawa wa kiuno, nyingine usawa wa magoti, na ubao chini ili mawe yasiwadondokee wapita njia.

"Mwizi gani huyu," aliuliza, "anaiba huku akihofia wenzake wasianguke?"

"Basi ni wa humu humu," msimamizi alikiri shingo upande.

Inspekta hakuhangaika na alama za vidole. Aliyatazama mapaa ya mtaa. Kwenye nyumba ya jirani, juu ya paa la zege, vizuizi vile vya manjano vilizunguka chumba kimoja na kamba iliyojaa nepi. Msimamizi naye akaviona, akageuza uso haraka.

Walipopanda kwenye paa hilo walipokelewa na fundi wa vizuizi, kijana mpole aliyefanya kazi chini ya mzee huyo.

"Ni wewe?" Inspekta aliuliza.

"Ni mimi, afande. Nilivichukua jana jioni, wenzangu waliposhuka."

"Kwa nini?"

Nyuma yake mapacha wake walikuwa wameshikilia vyuma, wakitembea kwa kujikongoja na kuchekelea.

"Wameanza kutembea, afande, na paa hili halina ukuta. Nimemwomba mwenye nyumba mpaka nimechoka. Ananiambia tufunge mlango. Kazini nazuia watu wazima wasianguke, nyumbani usingizi siupati."

"Mwenye nyumba ni nani?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Ni mimi," msimamizi akasema.

Inspekta aliuma midomo, akashindwa, kicheko kikamtoka. Pacha mmoja akaachia chuma, akapiga hatua, akaenda kung'ang'ania suruali ya msimamizi. Mzee akachutama, aibu imemjaa usoni, akamshika mtoto mikono.

"Afande, sina shtaka," alisema. "Vizuizi vibaki hapa, na ule upande wa ghorofa ya tatu haukanyagwi mpaka ukuta wa hapa uishe. Mafundi nawaita leo."

Mke wa fundi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alipiga vigelegele, na fundi akafuta machozi bila kujificha. Msimamizi alisimama, akatikisa kizuizi, akakuta nati moja imelegea. Akamkemea fundi kama kawaida yake, na safari hii wote walicheka, yeye akiwa wa kwanza.