Mzungu wa Nne

Jua lilikuwa linazama Presha alipopanda juu ya paa la hosteli kuanua mashuka yake. Presha si jina la kuzaliwa. Wenzake walimpachika kwa sababu mtihani wa mwezi ujao ulimnyima usingizi tangu leo. Sasa ulibaki mmoja tu, wa kesho asubuhi, kisha shahada. Mama yake alikwisha kushona gauni la mahafali.

Mashuka yalikuwa yamekauka vizuri, lakini yalinukia dawa ya kuchua kifua.

"Mama, nani kazitia dawa nguo zangu?" alimuuliza mfagizi aliyekuwa anamalizia ngazi.

"Dawa gani, mwanangu? Mimi nasikia sabuni tu."

Dawa ile Presha aliijua. Ilikuwa ya Sindano.

Sindano alikuwa binti wa mwaka wa kwanza, mwembamba kweli kweli, aliyekosa chumba. Presha akambeba, yaani akamgawia nusu ya kitanda chake kwa siri, kinyume cha sheria za hosteli. Wakawa wanalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Miezi mitatu ikapita salama. Ila Sindano alikuwa na kikohozi, na mitihani ilipokaribia Presha akachoka nacho. Angeweza kumwambia tu, "Mdogo wangu, tafuta pengine." Aliona haya, eti. Akashuka kimya kimya kumchongea kwa matroni, kisha akarudi kukaa kitandani na kushangaa pamoja na wengine, binti wa watu akitolewa na begi lake mvuani. Alimlilia na machozi juu. Siku tisa baadaye Sindano alifia wodini. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa shukani kabisa.

Alirudi chumbani, akatandika, akajilaza kidogo kabla ya kurudia madaftari. Mwenye kitanda cha pili alikwisha kwenda kwao. Taa ilikuwa bado haijawashwa.

Akageuza uso kwenye mto.

Miguu.

Miwili, myembamba, imelowa… ya baridi. Vidole vilimgusa shavu. Kutoka upande wa pili wa kitanda ilisikika pumzi ya mtu anayejizuia kukohoa.

"Dada… umelala?"

Presha alitaka kupiga kelele. Ikatoka hewa tu.

"Usiniogope, dada. Nina swali moja. Nani alinichongea kwa matroni?"

Hapo ndipo angesema kweli yakaisha, au yakaanza. Presha akalifikiria gauni la mahafali.

"Mfagizi," alinong'ona. "Alikuona asubuhi ukitoka bafuni."

"Kumbe… Ahsante, dada. Ngoja nikamuulize."

Shuka likalegea. Pale kwenye mto palibaki unyevu.

Asubuhi mfagizi alikutwa kwenye stoo ya ndoo, amejikunyata pembeni, macho ameyatoa, anatikisa kichwa bila kupumzika.

"Si mimi… si mimi… si mimi…"

Matroni alimshika mabega, akamwita, akamwagia maji. Wapi! Presha alipita hapo na kalamu zake mkononi, akaenda kufanya mtihani. Alasiri aliambiwa mama wa watu amekata roho saa nane mchana. Ni moyo, daktari alisema.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Presha ilikuwa na urefu wa siku moja. Alipanga begi haraka haraka, akitaka kutoka kabla jua halijazama. Akaketi kitandani kufunga kamba za viatu.

Dawa ya kuchua ikamjaa puani.

"Dada." Sauti ilikuwa nyuma yake, karibu na ukuta. "Nimemuuliza vizuri. Nimemuuliza mpaka mwisho. Si yeye."

Presha hakugeuka.

"Basi ni nani, dada?"

Majina yalimjia yenyewe: jirani wa chumba cha pili, mlinzi wa getini, matroni. Lolote lingetosha mpaka kesho. Lakini alikiona kile kichwa cha mfagizi kikitikisika, akasikia lile "mwanangu" lake, na moyo ukamshinda. Aliona aibu kuliko hofu.

"Ni mimi!" akalia. "Ni mimi, mdogo wangu. Mama wa watu hakuwa na kosa lolote. Ni mimi niliyekuchongea!"

Kikaja kicheko kidogo, kikageuka kikohozi, kikohozi kirefu chenye maji ndani yake.

"Najua, dada. Matroni alinitajia siku ile ile, nikiwa mlangoni na begi langu."

"Sasa… kwa nini uliniuliza?"

"Nilitaka kuona utamtaja nani."

Mkono wa baridi ukamshika bega, taratibu, kwa upole kabisa, ukamvuta alale.

"Sogea kidogo, dada. Leo tuko watatu."

Godoro likabonyea upande wa ukutani, na mtu akanong'ona, "Si mimi…"