Matone ya Nta Kizingitini

Stany Kalenga alikuwa amelala kifudifudi ndani ya stoo, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mlangoni. Midomo na kucha zake zilikuwa na wekundu usio wa kawaida. Hakuwa na jeraha.

"Moshi wa injini," alisema Daktari Benoît, akivua glavu. "Kaboni monoksidi. Nitapima damu, lakini sina shaka."

Inspekta Louise Mukalay aliitazama karakana. Ilikuwa nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, pale Kapata. Vyama viwili viliiendesha kwa pamoja. Akina mama wa parokia walileta vyerehani na mashine za kuchomelea. Ushirika wa wachimbaji wa Kasulo ulileta wanafunzi: vijana wa mashimoni na wanawake waliozoea kuosha mawe ya madini mtoni. Stany, mchimbaji wa zamani, aliwafundisha kuchomelea, na alilala stoo ili kulinda vifaa.

Jenereta, ambayo hukaa kibandani nje, ilikuwa katikati ya karakana. Tangi lake lilikuwa tupu.

"Ajali," alisema mkuu wake kwenye simu. "Msichana aliyeitumia mwisho hakuizima. Mwendesha mashtaka anamtaka kabla ya jioni, kwa uzembe uliosababisha kifo. Karakana ifungwe."

Msichana huyo, Jémima, alikaa kwenye ngazi, amefungwa pingu. Vidole vyake vilikuwa na alama ndogo za cheche.

"Nani aliingiza jenereta ndani?"

"Sijue, mama. Mi niliizimisha kule inje. Nikafunga kibanda, nikamupatia tata Stany ufunguo."

"Mvua ilinyesha. Hukuihamisha?"

"Tata Stany angenifukuza. Siku ya kwanza alituambia, moshi ya jenereta ni nyoka, haingizwe mu nyumba."

"Ukikuta chumba kimejaa moshi, utafanya nini?"

"Nitafungua madirisha yote, nikimbie kuita batu." Akatazama pingu. "Mama, nikitoka gerezani nitarudia wapi? Kule Musonoi banasema mwanamuke analetea shimo bahati mubaya. Hapa tu njo banataka mikono yangu."

Louise alirudi ndani, akapiga magoti kwenye kizingiti cha stoo. Palikuwa na matone ya nta kwenye saruji, madogo, ya mviringo, yaliyo kamili. Tone linaloanguka kutoka kimo cha mkono hutawanyika. Haya yalidondoka karibu kabisa na sakafu. Chini ya mlango zilinasa nyuzi za gunia. Alivifungia vyote katika mifuko ya ushahidi.

"Nani aliukuta mwili?" aliuliza.

"Tata Donatien, mwenyekiti wa ushirika," alijibu Mama Kabedi, kiongozi wa akina mama wa parokia. "Alikuwa peke yake. Alitoka akipiga kelele, tukaja. Hakuna mwingine aliyeingia mpaka polisi walipofika." Akapangusa macho. "Maskini. Na hii wiki kikundi chote cha wachimbaji wa tata Donatien kilikuwa kimejiandikisha kwetu."

"Chote?"

"Mpaka Mechack, yule mwenye nguvu kuliko wote."

Donatien alikaa mbele ya meza ya kazi, kofia juu ya goti.

"Ulifika lini, tata?"

"Asubuhi. Jua ilikuwa imetoka."

"Ulijua kwamba hewa ya ndani ni mbaya?"

"Ningejua namna gani? Nilifungua, nikaona ndugu yangu chini, nikakimbia kwake. Miaka mingi tulishukia kamba moja."

"Ulikimbia moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

"Nifundishe kitu. Mvua ikinyesha, kabla ya kushuka shimoni mnafanya nini?"

"Tunapima hewa. Na mushumaa. Unaushusha chini kabisa, kwa sababu hewa mubaya inalala chini. Ukizimika, haushuke."

Louise aliweka mfuko wa nta juu ya meza.

"Hii ilikuwa kwenye kizingiti. Jua lilikuwa limetoka, hukuhitaji mwanga. Jémima angefungua madirisha. Mama Kabedi angepiga mayowe. Ni mchimbaji pekee ambaye angeinama na mshumaa, tena mchimbaji aliyejua tayari kilichomo ndani."

"Bachimbaji ni bengi, mama."

"Aliyeingia kabla yetu ni mmoja. Na alilazimika kuingia, aondoe gunia kabla halijaonekana. Nyuzi zake zimenasa chini ya mlango wa stoo: lilikuwa bado limeukaza kwa nje ili Stany asitoke, na ajali haikazi milango. Tutalipata. Sasa toa vilivyo mfukoni."

Kipande cha mshumaa kilibingirika juu ya meza.

"Moshi huu hauzimi mshumaa, tata. Ungekufa pale pale, mwali ukiwaka."

"Shimoni haukunidanganya hata siku moja," alisema Donatien taratibu.

"Kwa nini Stany?"

Alikigeuza kile kipande kwa kidole.

"Nilimuletea pombe ya lutuku. Tulikunywa kama zamani, akalala. Nikatwaa ufunguo, nikavuta jenereta mu nyumba, nikaiwasha. Mi njo nilitia sahihi ule muungano na bamama. Nilifikiri bataenda balemavu, na banamuke, na bale banaogopa giza. Stany akaita benye nguvu, bakaitika. Shimo yangu iko chini ya chumba ninamolala, mama. Bila batu, ni kaburi, na mi nalala juu yake."

"Ukamuua ili warudi."

"Nilitaka baone ile mashine nayo inaua. Kama inaua, afazali shimo. Shimo banaijua."

Askari wawili walimtoa nje. Vijana wake walikuwa wamesimama kando ya barabara, taa zao zikiwa bado zimefungwa kwenye vipaji vya nyuso. Donatien alisimama mbele yao.

"Mutarudi?" aliuliza.

Mechack alifungua taa yake na kuiweka katika mikono yenye pingu.

"Kule unaenda kuko giza, tata. Sheye bote hatutaihitaji."

Walipopita, Louise alimfungua Jémima, akamwambia kwamba ushahidi umekwisha kukusanywa. Msichana alisugua vifundo vya mikono yake, akaingia karakana. Baada ya muda mfupi, madirisha yakaanza kufunguka, moja baada ya jingine.